Saa moja asubuhi au 07:00?

Kwa maisha ya kila siku nachagua hesabu yetu bila kusita. Huku karibu na ikweta jua huchomoza mnamo saa kumi na mbili mwaka mzima, basi kuanza kuhesabu kunapokucha kuna mantiki. Waethiopia nao huhesabu hivyo hivyo. London, jua la Desemba huchomoza kama saa mbili asubuhi, la Juni kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Huko hesabu hii ingeyumba.

Kwenye tiketi ya ndege, hapana: 19:00 ni salama zaidi, maana "saa moja" peke yake haisemi asubuhi wala usiku. Natamani siku moja simu zituulize tunataka hesabu ipi, halafu zitamke "saa tatu kasorobo" vizuri kama bibi.