TAHADHARI: Fundi wa mashine za kufulia "aliyebadilisha bodi" kumbe amekata waya wa ethi, ule wa usalama

Jamani, kama mashine yako ya kufulia inakata umeme nyumba nzima na umeona tangazo la fundi anayekuja mpaka nyumbani, ambaye ukimweleza tu kwenye simu anakwambia "hiyo bodi imeungua" (bodi ni ile sakiti inayoendesha mashine), soma hii kwanza. Alichonifanyia mimi sio wizi tu, angeweza kutuulia mtu.

Yangu ilikuwa inawaka vizuri, inaingiza maji, inazungusha ngoma, halafu baada ya kama dakika 10 breka inashuka giza nyumba nzima. Nikiweka programu ya maji baridi inafua mpaka mwisho bila shida yoyote. Jibu lilikuwa hapo hapo ila sikulijua, maana kwenye maji baridi hita haiwashwi kabisa, ikifika zamu ya kupasha maji ndio hita inapewa umeme, sasa kama imeanza kuvujisha umeme breka ya usalama inakata, hizi za nyumbani nyingi zinakata umeme ukivuja kufika miliampia 30.

Huyo fundi nilimweleza yote hayo, na ya maji baridi nilimwambia. Akaja hana hata mita ya kupimia umeme! Akafungua mfuniko wa juu, akaitoa bodi, akainusa, akasema imekufa. Akaondoka nayo pamoja na hela ya kununulia mpya. Siku ya pili akarudi na bodi ina stika inang'aa, akaifunga mwenyewe huku ananiagiza mara maji mara kitambaa, yaani hakutaka nisimame pale, ikawaka, ikafua maji moto mpaka mwisho na breka haikushuka. Nikamlipa nikamshukuru.

Wiki haijaisha mama yangu anatoa nguo, mikono imelowa, akaruka nyuma anasema mashine imempiga. Nikadhani ni ule umeme wa nguo nikamwambia sio kitu (mama nisamehe). Kesho yake ikanipiga mimi.

Nikaita fundi mwingine, mtu mzima mtaratibu, akachomoa plagi kwanza ndio akafungua nyuma. Akatoa nyaya za hita akapima mguu kwa mguu, omu 26 (omu ni kipimo cha jinsi kitu kinavyozuia umeme kupita), akasema hapo ni sawa, ndio maana maji yanapata moto kama kawaida. Halafu akapima mguu wa hita na bati la mashine, pale mita haitakiwi kusoma kitu, ikasoma omu elfu chache. Umeme unavuja. Sasa akajiuliza mbona breka haishuki, akafuata waya mkubwa unaoingia kwenye mashine, ndani yake ule wa kijani wenye mstari wa njano, ndio wa ethi, umekatwa na kuzungushiwa tepu nyeusi. Umekatwa makusudi jamani! Umeme uliokuwa unavuja ulikuwa unashukia kwenye ule waya ndio breka inauona inakata, ukikata waya breka inakaa kimya na bati lote la mashine linabaki na umeme linamsubiri wa kuligusa. Ndio "matengenezo" niliyolipia hayo.

Na bodi mpya je? Kabla yule fundi wa kwanza hajaitoa nilikuwa nimepiga picha ili nisisahau nyaya zinakaa wapi. Tukalinganisha, nambari ile ile, kona ile ile iliyovunjika. Ni bodi yangu mwenyewe, imefutwa vumbi ikabandikwa stika. Nikamtumia hizo picha, akasoma, akanibloku. Tangazo bado lipo, jina kabadilisha, picha ni zile zile.

Kwa hiyo fundi yeyote akisema bodi, mwambie apime hita mbele yako kwanza, apime na pampu na mota, ni dakika chache tu. Piga picha ya kifaa na nambari yake kabla hakijatoka ndani, na ukilipia kipya kile cha zamani kibaki kwako. Akigoma hilo muache aende. Na asiyekuja na mita hajaja kutafuta hitilafu ya umeme.

Hita ikabadilishwa, waya wa ethi ukaungwa upya, bodi ni ile ile na mashine inafua.

Wewe ambaye mashine yako ilikuwa inakata umeme, ikatengenezwa, na sasa inakutekenya ukiigusa, usifue tena. Zima breka ya pale kwanza, ndio uchomoe plagi kwa mikono mikavu. Kama una mita weka kwenye mlio, ncha moja kwenye pini ya ethi ya plagi, nyingine kwenye skrubu ya nyuma isiyo na rangi. Isipolia waya umekatika au umekatwa. Usiirudishe kwenye soketi mpaka uungwe na hita ipimwe.