Hita ya injini kutoka Kanada kwenye pikapu yangu ya dizeli

Kwenye baridi ya mwezi wa saba pikapu yangu huwa haitaki kusikia habari za saa kumi alfajiri. Natoka Uthiru kwenda Limuru kuchukua mboga, niziwahishe soko la Marikiti, Nairobi. Mwaka jana nilikuwa napiga starta mara nne, mara tano, moshi mweupe unajaa ploti nzima na majirani wanakohoa.

Binamu yangu anaishi Edmonton, ambako baridi inaweza kushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri na magari hutembea na plagi ya hita ya injini ikining'inia mbele kwenye grili. Akaulizia aina ya injini yangu, maana hita hizi haziingiliani, na alipokuja likizo akaniletea moja. Ni kijichuma kinachokaa kwenye bloku, mahali pa kizibo kimoja cha maji, kikipasha kulanti, yaani maji ya kupoza injini, kabla hujawasha gari.

Nusura niiunguze siku ya kwanza. Fundi wangu wa Kirinyaga Road alisoma kibandiko, akanirudishia mkononi. "Mkubwa, hii ni ya volti 120. Stima yetu ni 240." Nikadhani itapata moto maradufu tu. Kumbe ni mara nne: hita ya wati 400 ingevuta 1,600! Ikabidi ninunue transfoma ya kushusha umeme, nzito kama jiwe la kusagia. Bei yake sikumwambia mke wangu.

Fundi alimwaga kulanti, akaifunga hita, akajaza tena na kuacha injini ingurume mpaka hewa yote itoke. Alinikataza kabisa kuijaribu ikiwa kavu. Bila maji kuizunguka, inaungua upesi. Waya akaufunga mbali na feni na ekzosi.

Ekstensheni nayo nilinunua nene, ya nyaya tatu, ule wa ardhini ukiwemo. Naikunjua yote, kwa sababu ikibaki imeviringwa inajipasha moto, na pale inapoungana na plagi ya gari napainua juu ya tofali, mbali na umande. Taima inawasha saa nane usiku, saa kumi inazima. Saa mbili zinatosha, na kwa tokeni haifiki hata yuniti moja.

Na ilifanya kazi. Starta moja tu, gari linaitika. Isipokuwa Ijumaa moja nilipoondoka na waya ungali umechomekwa, nikaburuta ekstensheni hadi getini, soketi ikiwa imeng'oka ukutani. Baada ya hapo ufunguo wa gari ukawa unalala juu ya soketi.

Sasa aibu yenyewe. Mwezi wa nane fundi alipima hita plagi za injini, vile vijiti vya kupasha silinda kabla ya kuwasha, vilivyokuja na gari, akakuta mbili kati ya nne zimekufa. Akaweka mpya. Siku hizi naamka kuna nyuzi 11, nasubiri taa ya dashibodi izime, napiga starta, natoka. Kwa Edmonton hita hii ningeipa nyota tano. Kwa Nairobi naipa mbili, na hizo ni za heshima ya binamu.

Imebaki humo kwenye bloku, kwani kuitoa ni kumwaga kulanti upya. Transfoma nimemuuzia jirani mwenye blenda ya Marekani.