Nimekisoma The Railway Man cha Eric Lomax: je, ukinunue?

Habari zenu wadau, karibuni tena. Leo mezani kuna kitabu kimoja tu: The Railway Man, kumbukumbu za Eric Lomax, ofisa wa mawasiliano katika jeshi la Uingereza aliyetekwa na Wajapani pale Singapore iliposalimu amri, Februari 1942. Kilitoka mwaka 1995, mwenyewe akiwa mzee wa miaka sabini na ushee.

Nianze na onyo. Kurasa za mwanzo ni treni, treni, treni. Lomax alizaliwa Edinburgh na tangu utotoni alikuwa mgonjwa wa injini za mvuke: namba zake, viwanda vilivyoziunda, njia zilizopita. Wengine mtasinzia. Vumilieni, maana kijana huyu huyu ndiye anayepelekwa Kanchanaburi, Thailand, kwenye reli inayojengwa kwa mikono ya mateka. Kilomita 415 hadi Burma, kupitia msituni na milimani, ikakamilika Oktoba 1943. Mateka wa kivita waliopelekwa huko walikuwa kama 60,000, na zaidi ya 12,000 hawakurudi. Sisi huku Afrika Mashariki, habari za Burma tulizisikia kwa wazee wa Keya (KAR, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza), waliopigana huko kwenye bonde la Kabaw mwaka 1944. Upande huu wa vita hivyo hatusimuliwi sana.

Sasa twende penye uzito. Mateka wachache wakaunda redio kwa siri, wakawa wanasikiliza habari kutoka New Delhi. Haikuwa ya kuwasiliana na mtu, ni ya kusikiliza tu, wajue vita vinaendaje. Agosti 1943 ikagunduliwa. Wahusika wakasimamishwa juani kutwa, usiku wakapigwa kwa mipini ya sululu. Maofisa wawili walikufa kwa kipigo hicho. Lomax alivunjika mikono yote miwili.

Halafu, jamani, ikaonekana ramani. Alikuwa ameichora mwenyewe, ya reli ile. Akakabidhiwa kwa Kempeitai, polisi wa kijeshi wa Japani, na sehemu hiyo nawaambieni wazi kwamba ni ngumu kusoma, hasa pale anapofungwa juu ya benchi na kumwagiwa maji puani na mdomoni. Kinachonishangaza ni uandishi wake. Hapigi kelele, hatafuti huruma yako. Anaeleza kama fundi anayeandika ripoti ya mtambo ulioharibika, na kwa sababu hiyo inauma zaidi.

Chuki yake yote ikamwangukia mtu mmoja. Siyo aliyeshika fimbo. Ni mkalimani, kijana mdogo wa umbo, aliyekuwa akimtafsiria maswali saa baada ya saa. Katika chumba kile, sauti yake ndiyo pekee aliyoielewa.

Vita vinakwisha, anarudi nyumbani, anakuta mama yake alishafariki zamani, mwaka ule ule wa 1942. Hapo ndipo kitabu kinapowapita wenzake wengi wa aina hii, ambao hufunga hadithi siku ya kuachiliwa. Lomax anakuonyesha miaka mingi ya mtu anayekwenda kazini, analea watoto, hamwambii yeyote kitu, na usiku anarudi gerezani usingizini.

Lakini nina malalamiko. Mke wa kwanza anatajwa kwa herufi moja tu, na yale aliyoyapitia kuishi na mtu wa namna hiyo tunayaona kwa mbali mno. Pia vibarua wa Kiasia. Watamil kutoka Malaya, Waburma na wengine walikufa kwenye reli ile kwa makumi ya maelfu, wengi kuliko mateka wa kizungu, na humu wanapita kama vivuli. Naelewa ni kumbukumbu za mtu mmoja. Bado nililiona pengo.

Kama mmeona filamu ya mwaka 2013, ile ya Colin Firth, msidhani mmemaliza. Filamu inamtuma Lomax kumvamia yule mkalimani bila taarifa. Ukweli ulikwenda polepole, na kwangu ni mtamu zaidi. Mkalimani, Nagase Takashi, alikuwa ameandika kitabu chake mwenyewe. Humo anasema kwamba alipokwenda kwenye makaburi ya Kanchanaburi alihisi amesamehewa. Lomax anasoma, damu inachemka: umesamehewa na nani, wakati mimi sijakusamehe? Patti, mke wa pili, ndiye aliyechukua kalamu akamwandikia Nagase swali hilo hilo. Jibu likaja. Mwaka 1993 wazee hao wawili wakakutana huko huko Kanchanaburi. Waliambiana nini, sitawaharibia. Ninachosema ni kwamba msamaha humu hauji kama kwenye mahubiri ya Jumapili. Unasoma ukiona mtu anabishana na nafsi yake hadi dakika ya mwisho.

Je, ukinunue? Kama unapenda historia ya vita, ndiyo, bila kujiuliza mara mbili. Kiingereza chake ni chepesi, sentensi fupi. Kama wewe mwenyewe uliwahi kuteswa au kufungwa, tafadhali usikisome ukiwa peke yako usiku. Sura za Kanchanaburi na za gereza la Outram Road, kule Singapore alikofungwa baadaye, hazina pa kupumulia. Kumnunulia kijana wa sekondari? Kidato cha tano na sita sawa, walio chini ya hapo ningesubiri. Mimi nakipa nne na nusu kwa tano, ile nusu nimeikata kwa ajili ya vibarua. Aliyekwisha kukisoma aniandikie hapo chini: ungekuwa wewe, ungeijibu ile barua ya Nagase?