Mwongozo wa Git unajua kila kitu ila swali lililonileta

Wiki tatu sasa nimekuwa nikisoma mwongozo unaokuja pamoja na Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo, ule unaofunguka ndani ya teminali (dirisha la kuandikia amri) ukiandika git help na jina la amri. Kazini ninawafundisha watengenezaji programu wapya, na nilichoka kuwajibu kwa kukumbukakumbuka. Nilitaka kila jibu langu liwe na ukurasa wa kuwaonyesha, ili siku nisipokuwepo wajue pa kwenda. Kwa hiyo tathmini hii ni ya mwongozo, si ya Git yenyewe. Git ninaitumia kila siku na sina mpango wa kuiacha.

Nianze na ukurasa wa git reset, kwa sababu huo nina historia nao. Siku moja nilikuwa na faili sita nilizozihariri tangu asubuhi. Nne nilishaziingiza kwa git add, amri inayoyaandaa mabadiliko kwa ajili ya komiti (rekodi ya hali ya faili), mbili bado. Nilitaka kuitoa faili moja tu kati ya zile nne, nikaandika git reset, nikakumbuka kuwa kuna --hard, mojawapo ya swichi zinazobadilisha kazi ya amri, nikaiongeza na kubonyeza. Faili zote sita zikarudi zilivyokuwa kwenye komiti ya mwisho.

Amri niliiandika mimi, na ukurasa haudanganyi: unasema kwamba --hard hutupa mabadiliko ya faili zinazofuatiliwa. Lakini maneno hayo yamekaa katikati ya orodha ya swichi, kwa sauti ileile inayoeleza --soft na --mixed, ambazo hazigusi kabisa faili zako za kazi. Mtu mwenye haraka anaziona tatu hizo kama ndugu wa tumbo moja. Hapo ndipo ninapoukosoa. Swichi inayofuta kazi isiyo na nakala ilistahili aya yake, na sentensi ya kwanza ya aya hiyo iseme kitakachopotea.

Kilichoniokoa nilikipata kwingine. Unapofanya git add, Git huhifadhi yaliyomo ya faili papo hapo ndani ya folda ya .git, hata kabla hujaandika komiti. Nilipoendesha git fsck --lost-found, yale yaliyohifadhiwa yakatoka na kuwekwa kwenye .git/lost-found/other, kila moja likiwa na jina la heshi ya herufi na tarakimu 40 badala ya jina nililolijua. Nilivifungua kimoja kimoja nikivitambua kwa yaliyomo. Faili nne zilipatikana. Zile mbili ambazo sikuwa nimeziingiza nikaziandika upya. Njia ya jamii hiyo imeelezwa kwenye mwongozo, ila iko chini kabisa ya ukurasa wa git stash, kwa ajili ya aliyefuta stashi (kazi aliyoiweka kando kwa muda) kwa makosa. Aliyepotelewa na kazi kwa git reset atawaza vipi kufungua ukurasa wa git stash?

Na bado ukurasa huohuo wa git reset una mojawapo ya sehemu ninazozipenda kuliko zote. Ni mifano yake. Haikupangwa kwa majina ya swichi; imepangwa kwa mambo yanayompata mtu: umeandika komiti ukagundua ilipaswa kuwa kwenye tawi lake (mkondo wa kazi uliojitenga), au uko katikati ya kazi ukaitwa kurekebisha jambo la dharura. Kila mfano una amri chache na maelezo mafupi ya kila hatua. Ningekuwa na uwezo ningeichukua mifano ile niipandishe juu, kabla ya swichi zote. Chini yake kuna majedwali ya herufi A, B, C na D yanayoonyesha hali ya faili, ya faharisi na ya HEAD (komiti uliyosimama juu yake) kabla na baada ya amri. Ni sahihi na yamekamilika, ila sijaona mwanafunzi wangu hata mmoja akiyaelewa bila mimi kukaa pembeni na kalamu.

Nimetaja faharisi, na hapo kuna kero ya zamani. Mahali pale ambapo git add hupeleka mabadiliko pana majina matatu kwenye mwongozo: index, cache na staging area. Kamusi ya Git yenyewe, unayoifungua kwa git help glossary, inasema cache ni neno lililopitwa na wakati. Lakini ukiandika git rm unakutana na --cached. Kwenye git diff, --cached na --staged ni kitu kimoja. Halafu kwenye git apply, --index na --cached ni vitu viwili tofauti: moja inagusa faharisi na faili zako, nyingine faharisi peke yake. Swichi haziwezi kubadilishwa ovyo, kuna skripti nyingi duniani zinazozitegemea, nalielewa hilo. Maneno ya maelezo lakini yanaweza kubadilishwa. Sentensi moja juu ya kila ukurasa unaohusika, ikisema majina haya matatu ni ya mahali pamoja, ingewaondolea wageni mzigo mkubwa.

Jambo lililonisumbua zaidi ni la ours na theirs, maneno ambayo Git huyatumia kutaja pande mbili za mabadiliko yanayogongana. Kijana mmoja alikuwa anafanya git rebase, mgongano ukatokea, akaniita: "Dada, hapa ours ni sisi au ni wao?" Nilimjibu vibaya. Kwenye git merge, amri ya kuunganisha matawi, ours ni tawi ulilosimama juu yake. Kwenye git rebase, Git husimama kwanza kwenye msingi mpya, kisha hupandikiza komiti zako juu yake moja baada ya nyingine, kwa hiyo ours inakuwa upande wa ule msingi, na kazi yako wewe ndiyo theirs. Mwongozo unalieleza hili, na unaeleza vizuri, hadi sababu yake. Ila kwenye ukurasa wa git rebase limefichwa ndani ya maelezo ya swichi ya kuchagua mbinu ya kuunganisha, na kwenye git checkout ni dokezo chini ya --ours. Mtu aliye katikati ya mgongano hasomi kuhusu mbinu za kuunganisha. Anatafuta neno "mgongano". Kijana yule alikuwa karibu kuifuta kazi yake ya siku mbili kwa jibu langu, na bahati nzuri aliniuliza tena kabla ya kuendelea.

Nikijiuliza kwa nini kurasa ziko hivi, naona zimemkumbuka msomaji wake wa kwanza. Linus Torvalds aliianza Git Aprili 2005 kwa ajili ya kazi ya kiini cha mfumo endeshi wa Linux, na Julai mwaka huohuo akamkabidhi Junio Hamano uangalizi. Waliokuwa wakisoma walijua ndani ya chombo kunafanyika nini; walihitaji kukumbushwa tu swichi. Ndiyo maana kwa miaka mingi maelezo ya git push yalifunguka kwa kusema kwamba amri hii husasisha rejeo za mbali kwa kutumia rejeo za hapa, huku ikituma objekti zinazohitajika. Hakuna neno la uongo humo. Ila anayetaka tu kupeleka komiti zake kwa wenzake hawezi kujua kama amefika ukurasa sahihi.

Mara nyingine dawa ya mwongozo mbaya imekuwa kuibadilisha amri. git checkout hufanya kazi mbili zisizofanana, kuhama tawi na kurudisha faili, na hakuna mwandishi ambaye angeweza kuieleza kwa aya moja safi. Toleo la 2.23 la Agosti 2019 lilileta git switch na git restore, na kurasa zake ni fupi na zinasomeka kwa sababu kila amri ina kazi yake. Ukurasa wa git restore unakuelekeza pia kwenye kijisehemu cha ukurasa mkuu wa git kinachotofautisha reset, restore na revert. Ni mistari michache tu: revert huandika komiti mpya ya kutangua ya zamani, restore hurudisha faili bila kugusa tawi, reset husogeza tawi lenyewe. Kijisehemu hicho nimekichapisha na kukibandika ukutani.

Michoro nayo naisifu bila kusita. Ule wa git rebase, wenye A, B na C juu na D hadi G chini, kisha A, B na C zilezile zikiwa na alama ya kuonyesha kuwa ni komiti mpya, umenifundishia watu wengi kuliko maneno yangu. Sehemu ya git checkout inayoeleza HEAD iliyojitenga na tawi imechorwa hatua kwa hatua, na inakuambia nini kitatokea kwa komiti ulizoziacha bila tawi.

Anayeanza namshauri aanze na git help -g, inayoorodhesha miongozo ya jumla ambayo wengi hawajui kuwa ipo, kisha afungue git help everyday. Ule wa git help tutorial ni mzuri pia. Ukitaka kukumbushwa swichi tu, git commit -h inatosha.

Kurasa zote hizi ni faili za maandishi ya AsciiDoc kwenye folda ya Documentation ndani ya msimbo wa Git, na yeyote anaweza kutuma kiraka (pendekezo la mabadiliko) chenye mstari wa Signed-off-by, yaani sahihi yake. Kuna hata mwongozo wa anayechangia kwa mara ya kwanza, na umeandikwa kwa upole, hadi jinsi ya kupokea masahihisho ya wenzako na kutuma kiraka upya. Nimeshaivuta nakala. Nilichoandika mpaka sasa ni aya moja ya git reset, inayokaa juu kabisa ya maelezo ya --hard: kwamba mabadiliko ambayo hayajaingia kwenye komiti yatafutwa, kwamba yale uliyoyapitisha kwenye git add huenda bado yakapatikana kwa git fsck --lost-found, na kwamba kama nia yako ni kuitoa faili kwenye faharisi tu, amri unayoitafuta ni git restore --staged.