TAHADHARI: Muuza "dawa ya kusafisha kizazi" katupotezea miezi minne

Kina mama na dada zangu, kuna mtu anajiita daktari wa kizazi, anauza vidonge vya kuweka ukeni, dozi moja 85,000. Msimtumie hela.

Mama yangu mdogo ana miaka 61, ana kisukari, na hedhi ilikoma miaka tisa iliyopita. Mwezi wa pili akaanza kuona matone ya damu. Kutuambia sisi watoto akaona haya, akamwambia mwenzake wa kikoba, ndiye aliyempa namba. Muuzaji hakumuuliza hata umri. "Ni uchafu umeganda, mama, lazima utoke." Vidonge vikatoa vinyama vyeupe, akaambiwa apige picha atume, na muuzaji akashangilia: umeona uchafu? Kumbe, daktari alitueleza baadaye, ni ngozi laini ya uke wake mwenyewe iliyochubuliwa na dawa. Damu ilipozidi akauziwa dozi ya pili, na onyo: usiende hospitali, watakutoa kizazi.

Hapo ndipo paliponiuma. Saratani ya ukuta wa ndani wa kizazi, ikiwa haijatoka nje, tiba yake kuu ni hiyohiyo: kutoa kizazi pamoja na mirija na ovari, na wengi hupona. Mtu wa miaka 61 atunziwe kizazi cha nini?

Damu baada ya hedhi kukoma, hata tone, si hedhi iliyorudi. Katika kina mama kumi wanaoiona, kama mmoja hivi hukutwa na saratani hii. Waliobaki huwa na sababu nyingine, lakini kidonge hakijui nani ni nani. Hospitali wanaanza na ultrasaundi ya kupitia ukeni. Ukuta ukizidi milimita 4 wanachukua kinyama kwenda maabara. Na kile kipimo cha mlango wa kizazi hakitafuti saratani hii. Mama mdogo alishapimwa akaambiwa yuko salama, ndiyo maana alijipa moyo.

Majibu ya kinyama yalisema saratani. Ameshafanyiwa upasuaji, tunasubiri kuambiwa kama atahitaji mionzi.

Nilipompigia muuzaji kumuuliza namba yake ya usajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, akanibloki. Sasa kafungua akaunti nyingine, jina jipya, picha ileile ya koti jeupe. Risiti za miamala ninazo, nimeshazipeleka polisi. Kama na wewe ulimtumia hela, usifute zako.