Nimeifunga khipu kwa mkono wangu: daftari la hesabu la Wainka

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo mezani hakuna simu wala kompyuta. Kuna hii hapa: kamba nene imelazwa, na nyuzi za pamba zinaning'inia kama matamvua ya shuka. Inaitwa khipu, neno la Kikechua lenye maana ya fundo. Wainka waliendeshea dola yao nzima kwenye milima ya Andes, Amerika Kusini, kwa nyuzi hizi: sensa, kodi, zamu za kazi, akiba ya maghalani. Hii nimeifunga mwenyewe. Za kale zimebaki kama elfu moja hivi, na mkusanyiko mkubwa kuliko yote uko Berlin.

Tuione kazini. Sogeeni kwenye uzi huu wa kwanza. Juu, karibu na kamba kuu, kuna mafundo matatu ya kawaida yamekaa pamoja. Hayo ni mamia. Ukishuka, uzi mtupu. Hapo ni mahali pa makumi, na huo utupu ndio sifuri. Chini kabisa kuna fundo nene. Lipitishie ukucha, utahesabu mizunguko minne. Mia tatu na nne. Ni thamani ya nafasi ile ile tuliyofundishwa shule ya msingi.

Kilichonikosha moyo zaidi ni mamoja. Kwenye mamia na makumi unafunga mafundo ya kawaida tu. Kwenye mamoja unafunga fundo refu: unazungusha uzi mara mbili, tatu, mpaka tisa, halafu unavuta. Sasa moja utaiandikaje? Fundo refu la mzunguko mmoja ni fundo la kawaida tu, msomaji angedhani ni kumi. Ndiyo maana moja ikapewa fundo lake, lenye umbo la nane. Lione hapa kwenye uzi wa pili, 121. Ukikuta fundo refu au hili la nane, ujue namba imeishia hapo, hata kama uzi mmoja umebeba namba mbili au tatu. Jamani, huyu aliyeliwaza hili alikuwa fundi.

Na uzi huu uliopanda juu wakati wenzake wameshuka? Unasomeka 425. Ni jumla ya zile mbili! Mmarekani Leland Locke ndiye aliyeuonyesha mpangilio huu mwaka 1912, na nyuzi za juu kama hizi zilikuwa ushahidi wake mkubwa. Huko Puruchuco, Lima, nchini Peru, zimepatikana khipu ambazo jumla za moja zinahamia kwenye nyingine, ngazi kwa ngazi. Inkawasi nako, kusini zaidi, zilikutwa ghalani pamoja na karanga, pilipili na maharage meusi. Hesabu imelala na mali yake.

Upungufu upo. Kufunga kunachukua muda: nyuzi hizi tatu zimenila karibu nusu saa, na fundo refu ukilivuta vibaya mizunguko inapandana, haisomeki. Tena mafundo yanakwambia ngapi, hayakwambii nini. Rangi ya uzi, upande uliosokotewa, namna ulivyofungwa kwenye kamba kuu, vyote hivyo vilihitaji mtu aliyefunzwa, khipukamayuq. Bila yeye unabaki na namba tupu, na hapo ndipo wasomi wanahangaika mpaka leo.

Lakini kuaminika? Sina shaka hata kidogo. Mwaka 1561 wakuu wa Hatun Xauxa walikwenda mbele ya mahakama ya Wahispania kule Lima na khipu zao, wakasoma kimoja kimoja walichowapa Wahispania tangu walipoingia nchini mwao: watu, lama, mahindi. Mahakama ikapokea. Miaka 22 baadaye, mwaka 1583, mtaguso wa kanisa huko huko Lima ukaagiza khipu zenye kumbukumbu za ibada za kale ziondolewe kabisa mikononi mwa wenyewe. Hilo linaniuma kila nikiishika hii.

Ila hazikuisha. Kijiji cha Tupicocha, milimani juu ya Lima, kila mwaka mpya wanazitoa zilikohifadhiwa, wanazikunjua taratibu, na viongozi wapya wa koo wanavishwa begani.