Mchongoko Dar hadi Dodoma: uzoefu wangu, nikitokea Unguja na mzee

Hapa Unguja watu wengi wananiuliza kama treni ya mchongoko inamfaa mtu mzima mwenye maradhi ya mgongo. Nimesafiri nayo na mamaangu, na nasema inafaa sana. Kwa basi, mama alikuwa akifika Dodoma anashushwa kwa kushikwa mikono, na siku ya pili hatoki kitandani. Safari hii ameshuka mwenyewe, mkoba begani, anauliza dada yuko wapi.

Mchongoko ni zile treni za umeme kutoka Korea Kusini, zilizoanza kubeba abiria Novemba 2024. Hazivutwi na kichwa. Mota zimefungwa chini ya mabehewa yenyewe, ndiyo maana hausikii ule mshtuko wakati wa kuondoka. Mwendo unafika kilomita 160 kwa saa, na reli ina upana wa milimita 1,435 wakati ile ya zamani ni 1,000, basi utulivu wake mkubwa. Tulikaa daraja la kawaida na mama hakulalamika hata mara moja, naye si mtu wa kunyamazia jambo.

Utamu wenyewe uko Kilosa. Treni inaingia milimani, mara kiza, mara mwanga, mara kiza tena. Handaki la kwanza mama alikamata tasbihi akavuta uradi kwa sauti. La mwisho lilipofika alikuwa ameegemea kioo, anangoja kuona kutakapokucha kukoje. Mbele ya hapo majani yanapungua, ardhi inakuwa nyekundu na kavu, ukajua umeshafika kwa Wagogo.

Kwa wenzangu wa visiwani, jambo kubwa ni boti. Boti na treni hazingojani, na kusi ikivuma bahari haina ahadi. Stesheni ya Magufuli, pale Dar inapoanzia treni, nako wanataka ufike mapema, kitambulisho mkononi, mizigo ipite kwenye mashine kama uwanja wa ndege. Kwa hiyo panda boti ya asubuhi, treni ukate ya alasiri. Kutoka bandarini hadi stesheni si mbali, bajaji inatosha, na unapata nafasi ya kula na kusali Adhuhuri na Alasiri kwa pamoja bila ya kukimbizana. Tiketi kata mtandaoni kabla hujavuka, hasa Bunge likiwa linakaa au sikukuu ikikaribia, maana nafasi zinakwisha upesi.